Moshi wa Fundi Mwengine

Simai alirudi nyumbani kula chakula cha mchana, na kabla hajavua viatu akasikia kitu kinanguruma uani kwake. Masikio yake yalikuwa masikio ya fundi. Feni, friji, pampu ya maji, vyote alivijua kwa sauti kama mtu anavyowajua nduguze wakiongea chumba cha pili. Mngurumo huu hakuujua. Akapita ukumbini, akausukuma mlango wa uani, akasimama pale pale.

Chini ya ukuta palikuwa na kopo kubwa la maziwa ya unga, limetobolewa ubavuni, na ndani ya tundu limechomekwa bomba la chuma lililopinda kama mdomo wa birika. Bomba lile lilikwenda mpaka kwenye sanduku la mbao lenye mlango, na katika nyufa za sanduku ukipenya moshi mwembamba, mweupe, si ule mzito wa makumbi ya nazi uliokuwa ukiwaliza watu mtaa mzima. Khairat, mkewe, muuza samaki wa moshi, alikuwa amechutama mbele ya sanduku, leso kaifunga kiunoni, anacheka. Na pembeni yake, mikono ya shati kaikunja, bisibisi kaibana kwa meno, alikuwa Haitham.

Haitham alijifunza ufundi kwa Simai. Alikaa kibandani kwake Jang'ombe, akafundishwa kuzungusha waya wa feni na kufungua friji bila ya kuliumiza, hata alipojiona ameiva akaenda kufungua duka lake mwenyewe Darajani, duka lenye milango ya vioo. Tangu hapo walikuwa wakisalimiana tu, kwa mbali.

"Shikamoo, fundi," Haitham alisema, akiitoa bisibisi mdomoni.

"Marahaba," Simai aliitikia.

"Karibu Simai, karibu uone maajabu!" Huyo alikuwa Bi Mwanakheri, jirani wa ukuta kwa ukuta, kakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi kama aliyealikwa harusini. Khairat alimwita makusudi, asije mtu akasema alikuwa peke yake uani na mwanamme. "Leo nimeanika nguo zangu toka asubuhi, na hazinuki samaki. Kumbe dawa ilikuwepo, aliyekosekana ni tabibu."

Simai alijifanya hakusikia. Akainama kwenye kopo.

"Waya wa ardhi uko wapi?"

"Huo wa kijani, fundi. Nimeushusha mpaka chini pale."

"Na koili ikipata moto kupita kiasi?"

"Inajizima yenyewe. Nimetia kidhibiti."

"Na makumbi yakishikana humo ndani?"

"Hayashikani. Ile pampu ndogo inapuliza hewa kwa chini, moto unatambaa taratibu tu, hauwaki. Ni ile pampu ya matangi ya samaki wa mapambo." Haitham akatabasamu. "Tumeitoa kwa samaki wazima tumeileta kwa wafu."

Khairat akacheka tena. Simai alikuwa akitafuta kosa kama mtu anavyotafuta mwiba kwa ulimi, na kila asipouona alizidi kuinama. Kazi ilikuwa safi. Hata viungio vya waya vilikuwa vimesukwa vile vile alivyofundisha yeye, na hilo ndilo lililomuuma kupita yote.

"Kazi ndogo tu hii," Haitham alisema, akikusanya vyombo vyake. "Na mengi nimejifunza kwako, fundi. Haya shemegi, mimi nakwenda. Kikikusumbua nipigie."

Maneno mengine yote Simai aliyasahau siku ile ile. Hilo la mwisho lilibaki.

* * *

"Mke wangu anakwenda kwa fundi mwengine," alisema usiku walipokaa kula. Hakuwa amegusa mchuzi.

"Nlikwambia mara ngapi?" Khairat alimjibu bila ya kunyanyua uso. "Sheha wa mtaa alipokuja kutuonya juu ya moshi, nlikwambia. Nilipokohoa wiki nzima, nlikwambia. Bi Mwanakheri aliponivunjia hishima mbele ya watu kisimani, nlikwambia. Nikakuonesha na video kwenye simu, Wazungu wanatengeneza vijitambo vidogo tu vya umeme. Ulinijibu nini?"

Simai alilisogeza bakuli la mchuzi kando.

"Ulinambia samaki wa Unguja hawataki umeme. Ukacheka, ukalala."

"Ungeningoja."

"Ningengoja mpaka nini, Simai? Mpaka sheha aje anizimie jiko? Biashara hii ndiyo inayotulisha tangu kibanda chako kilipopwaya. Sikusemi, najua watu siku hizi feni ikiharibika wananunua mpya. Lakini na mimi usinizibe pumzi."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayesema mvua imenyesha, na hivyo ndivyo lilivyomchoma. Simai akainuka akanawa mikono ambayo haikuwa imekula.

"Alikutoza nini?"

"Hakunitoza. Kanambia nimpe samaki siku nikipata wazuri."

"Kwa nini hakukutoza?"

Khairat akamtazama sasa, mkono wa wali umesimama njiani. "Wewe unaniuliza nini hasa?"

Simai alijifuta mikono. Mkewe alikuwa mwanamke wa heshima zake, na Haitham alikuwa na mke na watoto, na yote hayo aliyajua. Lakini wivu hauulizi ushahidi. Alikwenda kulala, na moshi wa Haitham ukamfuata chumbani, umekaa kwenye mto, umekaa kwenye nywele za mkewe.

Mtaani nako hakukukalika. Barazani wanapokunywa kahawa, Msabah muuza kahawa alimmiminia kikombe na kusema, kwa sauti ya watu wote kusikia: "Fundi, feni yangu imekufa. Nikuletee wewe au nimpelekee yule wa mkeo?" Watu wakacheka mpaka wakakohoa. Simai naye alicheka. Ukiwa unachekwa barazani ukanuna, umekwisha. Akakinywa kikombe kile kama anayekunywa shubiri, na tangu siku ile akawa anapita njia ya nyuma.

Kisha akaja Bi Marziya.

Bi Marziya alikuwa mama wa Kihindi wa Mji Mkongwe, wa Kikhoja, mwenye mkahawa mdogo nyuma ya jumba la mumewe. Samaki wa Khairat aliwaonja kwa watu, akapanda gari mwenyewe mpaka Jang'ombe kuwaona wanavyofanywa. Khairat akamwekea kiti. Simai alikuwepo; ndiye aliyetumwa kuleta kiti chenyewe.

Bi Marziya alikata kipande cha nguru kwa ncha za vidole, akakila akiwa kafumba macho. "Mashallah. Huu moshi unakaa ndani ya nyama, haukai juu tu. Binti yangu Sahar anaolewa, nataka samaki hawa siku ya chakula cha harusi. Nguru watupu, wa kutosha watu wote. Utaweza?"

"Inshallah nitaweza, Bi Marziya."

"Na huyu aliyekutengenezea mtambo ni nani?"

"Haitham, wa Darajani."

"Ana mikono huyo! Nipe namba yake, nina taa za harusi za kufungwa." Kisha akamgeukia Simai, aliyekuwa amesimama karibu na mlango kama bawabu. "Na wewe baba, unafanya kazi gani?"

"Fundi umeme," Simai alisema.

"Aah," alisema Bi Marziya, kwa adabu, akakata kipande cha pili.

* * *

Kuanzia kesho yake Simai alikuwa hakai na mtu. Alifunga mlango wa kibanda chake, na ndani yake akaanza kutengeneza mtambo wa moshi wa kwake.

Lilikuwepo friji bovu alilotelekezewa na mteja, limesimama kona muda mrefu kama mgeni asiyeaga. Akalitoa mashine yote, akaling'oa plastiki la ndani, akalibandika mabati na kutia rafu za waya za kupanga samaki. Kopo hakutaka, alichukua mtungi wa chuma mnene, akaulaza, akaupitishia koili mbili za jiko la umeme, moja ya kuwasha, moja ya kushikilia moto. Bomba lake alilipitisha ndani ya ndoo ya maji ili moshi upoe na lami yake idondoke njiani, isifike kwenye samaki. Akaweka na saa ya kuhesabu. Lililokuwa kwa Haitham moja, kwake yeye yalikuwa mawili.

Na ajabu ni kuwa alifurahi. Mikono yake, iliyokuwa imezoea kukaa mapajani ikingoja wateja, ilirudi kuwa mikono. Alisahau kula. Alijikuta anapiga mluzi. Ila kila alipokaza skrubu ya mwisho ya kipande fulani, aliyemuona mbele yake hakuwa Khairat akifurahi. Alikuwa Haitham, kasimama uani kajiinamia.

Kilichobaki ni kuni za moshi. Khairat alikuwa na makumbi yake na vijiti vya mpera, anavijua mwenyewe vya kukausha na vya kuacha. Lakini kumuomba kungekuwa kumwambia, na Simai alitaka amshitukize. Basi akaenda kwa Gharib seremala, mtaa wa pili. Gharib alikuwa juu ya dari la mtu, mlangoni kwake kaacha gunia la unga wa mbao na maranda, safi, makavu, yananukia. Simai akampigia simu.

"Chukua tu, yakhe," Gharib alimjibu huku msumeno unalia. "Sisi tunayatupa hayo."

Hakuuliza mbao gani, wala Gharib hakumuuliza anayatakia nini.

* * *

Siku ya kuwatia samaki moshi, Khairat alitoka alfajiri kwenda mnadani Malindi, pale pale mjini, kununua nguru. Aliporudi na matenga yake alikuta friji limesimama uani, limepakwa rangi ya fedha, linaunguruma, na sanduku la Haitham limesukumwa chini ya ngazi, limefunikwa gunia.

Alitua tenga. "Nini hiki?"

"Mtambo wako."

"Mtambo wangu ule kule chini ya ngazi."

"Ule ungekuchukua siku mbili kwa samaki wote hawa," Simai alisema. "Huu unawameza wote mara moja. Tazama." Akamfungulia mlango, akamwonesha rafu, akamwonesha saa, akamwonesha ndoo. Alisema sana, haraka haraka, kama mtoto anayeonesha daftari. Khairat alisikiliza mikono kiunoni. Alikuwa amekasirika, mtu hachezewi jiko lake siku ya shughuli. Lakini alikuwa mfanyabiashara pia, akawaangalia samaki, akaziangalia rafu.

"Na kuni?"

"Nimeshatia. Za seremala, kavu kabisa."

"Mbao gani?"

"Mbao nzuri," Simai alisema.

Aliyoweza kuuliza yakaishia hapo, maana jua lilikuwa linapanda na nguru hawangoji. Wakawakata pamoja, wakawatia chumvi, wakawapanga. Mpaka alasiri samaki walikuwa wameiva rangi ya asali, wamekauka juu, ndani laini, na uani hakukuwa na moshi wa kumtoa mtu chozi. Bi Mwanakheri alichungulia juu ya ukuta. "Simai! Nasi tulikuwa tunasema kinyozi hajinyoi. Kumbe hajinyoi mpaka amuone mwenziwe kanyoa!"

Hata hilo lilimpita. Khairat alikata kipande cha tumbo la nguru, pale penye mafuta, akakila kama kawaida yake. Hakuwahi kuuza samaki asiyemuonja. Akala na cha pili. Kisha akamtazama mumewe, na mtazamo ule Simai hakuwa ameuona tangu kibanda chake kilipokuwa kinajaa watu.

"Kumbe umo," alisema.

"Nimo," alisema Simai. Na hakuweza kujizuia: "Na kile kikopo chini ya ngazi, mrejeshee mwenyewe."

Mtazamo ule ukapoa kidogo. Yeye hakuona; alikuwa anafuta friji kwa kitambaa.

* * *

Asubuhi ya pili Khairat aliamka tumbo linamsokota. Alitapika mara moja, akajifuta, akasema ni uchovu. Simai naye akasema ni uchovu. Gari ya Bi Marziya ikaja ikapakia matenga, na Khairat akaenda nayo Mji Mkongwe, awasimamie wapishi, maana chakula kilikuwa kesho yake na samaki wa moshi wanataka kurowekwa na kuchambuliwa kabla ya kutiwa kwenye nazi.

Simai alifungua kibanda mapema. Alipita njia ya barazani makusudi. Hakuwa amekaa sana akapita Gharib na baiskeli yake, akafunga breki.

"We Simai, yale maranda uliyafanyia nini? Hukuwatandikia kuku?"

"Sina kuku mimi. Kwani?"

"Alhamdulillahi. Jirani yangu kaja kuchukua gunia jengine, katandikia banda zima, kuku wake wamekufa wote. Zile ni mbao za paa, zimetiwa dawa ya mchwa, wanazirowesha dawa mpaka moyoni. Nilikuwa juu ya dari, hata sikufikiri. Usiyaweke karibu na kitu cha kula, yakhe." Akapanda baiskeli, akenda zake.

Simai akabaki amekaa.

Jambo la kufanya lilikuwa wazi, na kwa sababu lilikuwa wazi hakulifanya. Alijiambia kuwa moshi ni moshi tu, kuku wanakula maranda, watu hawali. Alijiambia lami yote iliangukia kwenye ndoo. Alijiambia Gharib ni mtu wa kukuza mambo. Na chini ya maneno yote hayo lilikuwepo moja ambalo hakujiambia, lakini lilikaa naye pale kwenye benchi kama mteja: Haitham yuko kule, anafunga taa. Akienda sasa, atasema mbele ya Haitham. Mtambo uliosifiwa jana, leo utakuwa sumu, na kikopo cha maziwa kitatoka chini ya ngazi. Alimuona Haitham akiinamisha kichwa kwa adabu, na ile adabu ndiyo iliyomshinda kuibeba. Watu wa harusi nzima aliwaweka upande mmoja, na Haitham upande mwengine, na kwa muda mrefu mizani haikulala upande wa watu.

Mteja halisi alikuja na pasi, akaondoka bila ya kujibiwa salamu. Jua likasogea mpaka kizingitini. Adhana ya adhuhuri ilipoanza, Simai alitaka kunyanyuka akatie udhu, na katika kunyanyuka akamuona Khairat, si yule aliyecheka na Haitham, bali wa leo alfajiri, kaegemea ukuta wa choo, anajifuta mdomo kwa ncha ya kanga. Alikula vipande viwili. Vya tumbo, penye mafuta.

Akaiacha milango ya kibanda wazi, akapanda vespa yake.

* * *

Mji Mkongwe vichochoro vilikuwa vimejaa, akaiacha vespa penye mkokoteni wa maji akaenda kwa miguu, akikumbana na watu, mpaka nyumba ya Bi Marziya. Uani wanawake walikuwa wanakuna nazi. Karai kubwa limejaa samaki wake, wanalowana. Juu ya ngazi ya mbao, kamba ya taa begani, alikuwa Haitham.

Khairat alikuwa amekaa kwenye kigoda, uso umemparara. Alipomuona mumewe akajua kuna neno.

"Njoo pembeni," Simai alisema.

"Siwezi kusimama. Sema hapa hapa."

"Khairat, njoo..."

"Sema, Simai."

Vibuzi vya nazi vikanyamaza kimoja kimoja. Bi Marziya alitoka jikoni na mwiko mkononi. Simai aliangalia chini, kwenye maji ya karai yaliyokuwa yamepata rangi.

"Samaki wasiliwe," alisema. "Maranda niliyotia yana dawa. Dawa ya mchwa. Sikuuliza. Gharib kanambia. Wasiliwe, hata paka asipewe."

Kisha Bi Marziya akasema, kwa sauti ndogo kuliko alivyotegemea mtu yeyote: "Kesho nina watu. Nina wakwe wa binti yangu. Ungewaua watu ndani ya nyumba yangu."

"Ndiyo, Bi Marziya."

"Usinambie ndiyo! Mpelekeni huyu mwanamke hospitali. Na hivi vitu vitolewe nyumbani kwangu."

Haitham alikuwa ameshashuka. Hakumtazama Simai. Alilishika karai upande mmoja, akangoja, na Simai akalishika upande wa pili, wakalitoa pamoja, mzigo mzito kati yao, wakachimba shimo na kuwafukia nguru wote nyuma ya gofu la nyumba iliyoanguka.

"Sanduku langu lipo?" Haitham aliuliza, akijikung'uta mchanga.

"Lipo. Chini ya ngazi."

"Basi twende Malindi tukatafute samaki."

Hospitali walimpa Khairat maji ya dripu na dawa, wakamwambia akae chini ya macho yao mpaka jioni. Daktari hakusema ni samaki na hakusema si samaki. Malindi, muuza nguru alimtazama Simai, akamuuliza analipa vipi. Simai akamkabidhi ufunguo wa vespa mpaka siku ya kulipa. Muuzaji aliuzungusha ufunguo kidoleni, mbele ya wachukuzi, akauliza kama breki zake zinashika.

Alasiri ile na usiku wake wanaume wawili walikesha uani Jang'ombe. Friji halikufaa tena, mabati yake yalishakunywa ile sumu. Walichukua koili za Simai, wakazisugua mpaka zikang'aa, wakazitia kwenye kopo jipya, wakaliunga na sanduku la Haitham upande wa pili, ili moshi uingie kwa njia mbili na kazi iende haraka. Makumbi yalikuwa ya Khairat, na vijiti vya mpera vya Khairat. Yeye mwenyewe alirudishwa na teksi, akalala kitandani mlango wazi, akitoa amri kwa sauti ya mgonjwa: wageuzeni, punguzeni, huo umekuwa mkali.

"Nishikie hapa, fundi," Haitham alisema, na Simai akashika bomba. Lilikuwa la moto. Akalishika mpaka mwenziwe alipomaliza kukaza.

* * *

Harusi ya Sahar ilikuwa na samaki. Bi Marziya alilipa kama walivyoagana, akamwambia Khairat kuwa ataendelea kununua kwake, kwa sharti moja: mumewe asitie mkono. Khairat alikubali. Alikuja nyumbani akamwambia Simai maneno yale kama yalivyo, hakuongeza wala hakupunguza.

Mtaa nao ulipata habari, kwani Bi Mwanakheri alikuwa na ulimi na ukuta ni mfupi. Msabah aliacha mzaha wa feni. Simai aligundua kuwa kunyamaziwa ni kubaya kuliko kuchekwa.

Khairat alipona. Alimpikia, alimfulia, alimjibu alipoulizwa. Lakini hakuwa akimsemesha. Zilipita siku hivyo, mpaka mchana mmoja walipokuwa wote wawili uani, yeye anageuza samaki, Simai amekaa kwenye mbuzi ya nazi hana kazi, Simai akasema:

"Nilikuja kusema mwenyewe, Khairat. Hakuna aliyenilazimisha. Ningenyamaza, nani angejua?"

"Hakuna."

"Basi kosa langu lisilosameheka ni lipi? La maranda?"

"La maranda ni ujinga. Nshakusamehe." Aligeuza samaki mmoja, akamgeuza na wa pili. "Gharib nimekutana naye dukani. Ananiomba radhi, masikini, machozi yanamtoka. Anasema alikupitia asubuhi, ndio kwanza unafungua kibanda."

Simai aliinuka nusu, akakaa tena.

"Na wewe ulifika kwa Bi Marziya watu wametoka kusali adhuhuri," Khairat alisema. "Hapo katikati ulikuwa wapi?"

"Kibandani."

"Una wateja?"

"La. Nilikuwa nimekaa tu."

"Unafikiri nini?"

Angeweza kusema alikuwa na hofu. Angeweza kusema hakumuamini Gharib. Yote mawili yalikuwa na ukweli ndani yake, na mkewe pengine angeyapokea, maana alikuwa amechoka na alitaka kupewa kitu cha kupokea.

"Namfikiri Haitham," Simai alisema.

Khairat aliuacha mlango wa sanduku wazi, moshi ukatoka wote ukampanda usoni, hata asipepese. "Mimi natapika," alisema taratibu, kama anayejifunza maneno yale, "na wewe unamfikiri Haitham."

"Ndiyo."

Alikaa chini, pale pale kwenye sakafu ya uani, leso yake ikaingia majivuni. Hakulia. Alikaa muda mrefu akimtazama mume wake kama mtu anayemtazama mpangaji mpya, anajiuliza atakaa naye vipi nyumba moja. Kisha moshi ukaanza kupungua. Kopo moja lilikuwa limeishiwa makumbi.

Khairat hakuinuka. Alingoja.

Simai aliliangalia kopo. Sharti la Bi Marziya alilijua, nalo Khairat alilijua. Aliinuka polepole, akalisogeza gunia la makumbi mpaka karibu na miguu ya mkewe, akatia mkono, akatoa ganda moja, akalinyoosha kwake.

"Hili limekauka?" alimuuliza. "Sijui mimi. Niambie."

Khairat alilichukua. Alilinusa, akalivunja kwa vidole, akalitazama ndani.

"Hili bado," alisema, akalitupa. "Lete jengine."